Wanaogopa bili, hawaogopi chakula

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kwa nini watu wengi wa kipato cha kawaida hawakanyagi kwenye migahawa ya vyakula vya kigeni, hata inapofunguliwa jirani na kwao. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, na jibu langu ni kwamba wanaogopa bili, hawaogopi chakula. Ushahidi uko hatua chache kutoka kibandani kwangu, katikati ya mji. Kuna mgahawa wa Kiitaliano wa kujihudumia, na ikifika saa saba mchana foleni imeshatoka nje ya mlango.

Wanaopanga foleni ni wauza vitenge wa Makoroboi, manesi, makondakta, wanachuo, na akina mama waliomaliza biashara ya dagaa kule Mwaloni. Unachukua trei, unasogea mbele ya kioo, unaona kila kitu kwa macho yako. Lazanya, yaani tambi bapa zilizopangwa tabaka kwa tabaka na sosi na jibini, iko kwenye bati pana, na pembeni jibini imeungua kidogo ikafanya ukoko. Ukoko huo ndio kila mtu anauomba. Kuna tambi za sosi ya nyanya, maharage meupe yaliyotiwa mafuta ya zeituni, na sangara wa kupikwa na kitunguu saumu. Bei imeandikwa kwa chaki juu ya kila chakula. Hujui kinaitwaje? Nyoosha kidole. "Dada, niwekee hicho, ila nyama acha." Hesabu unaifanya mwenyewe kichwani kabla ya kufika kwa keshia, na hela isipotosha unaacha saladi, hakuna aliyejua.

Kwenye mgahawa wa kuhudumiwa mezani unaletewa menyu, mhudumu kasimama pembeni na kalamu mkononi, na majina yote ni mageni. Niliwahi kumwona mzee mmoja kwenye sehemu ya aina hiyo, kavaa koti lake la kanisani, kamleta binti yake aliyehitimu siku hiyo. Alifungua menyu, akaifunga, akaagiza soda mbili. Walikunywa polepole wakaondoka. Iliniuma sana, kwa sababu mzee yule alikuja na hela. Alichokosa ni uhakika kwamba zitatosha.

Hata Italia kwenyewe kuna sehemu za namna hii. Kule huitwa tavola calda: chakula kimeshapikwa, kimewekwa kaunta kikiwa cha moto, na mchana hujaa makarani na mafundi wanaotaka kuwahi kurudi kazini. Waajiri wengi huwapa wafanyakazi wao vocha za chakula, nao huenda kuzitumia huko. Tena vyakula vingi tunavyoviona vya kitajiri vilianza kwa walalahoi. Pizza ilikuwa ikiuzwa barabarani kwa maskini wa Napoli. Wakulima wa kaskazini, baada ya mahindi kuletwa kutoka Amerika, waliishi kwa polenta, ambayo ni ugali wa mahindi ya njano. Karne ya 18 na ya 19 wengi wao walikula huo tu, karibu bila kitoweo, wakaugua pelagra kwa kukosa vitamini. Hadi leo mji wa Vicenza unajulikana kwa polenta na samaki mkavu aliyepikwa kwa maziwa na vitunguu. Mtu wa kisiwani Ukerewe, aliyezoea ugali na samaki, akikaa meza hiyo hahitaji kufundishwa kula.

Kuna mambo ya kuzoea, sikatai. Waitaliano hutoa tambi zikiwa bado na ugumu kidogo katikati, na sisi tumekulia tambi laini za sukari za mwezi wa Ramadhani. Mama mmoja alirudisha sahani yake kaunta akisema hazijaiva. Mpishi hakubishana naye, alizirudisha kwenye maji ya moto, na mama akala akamaliza. Naona alifanya vizuri kabisa, maana mteja huyo atarudi.

Sangara aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na minofu yake husafirishwa hadi Ulaya ikaliwe huko. Sioni sababu ya mvuvi aliyemvua kubaki nje ya mgahawa anakopikwa kwa nyanya na zeituni. Wenye migahawa ya mezani nawaomba jambo moja: bandikeni bei mlangoni, kwa herufi kubwa, kwa shilingi, kodi ikiwa humo humo.

Fundi cherehani,
Mwanza