Jibu: Darasa la historia na Kiingereza kwa pamoja, binti hapati usingizi

Salamu dada. Umesema binti yako wa darasa la kumi, hapa Marekani, yuko kwenye darasa la ngazi ya juu linalounganisha historia na Kiingereza, na kazi za nyumbani zinamkeshesha hadi saa saba usiku. Wangu alipita humo humo.

Kwanza angalia ratiba: ni kipindi kimoja, au viwili vyenye walimu wawili? Kama ni viwili, hiyo ni kazi ya masomo mawili. Sisi tulichelewa kuliona hilo, tukamwita mtoto mvivu. Bado naumia nikikumbuka.

Kisha uliza kama walimu wanapanga pamoja. Wakipanga, andiko moja linatosha: simulizi ya 1845 ya Frederick Douglass, mtumwa aliyetoroka, kwenye historia ni ushahidi wa utumwa katika jimbo la Maryland, kwenye Kiingereza wanachambua anavyomshawishi msomaji. Insha moja inapewa alama kwenye masomo yote mawili. Wasipopanga, insha mbili zinaangukia wiki moja. Tuliwaandikia wote wawili barua pepe moja yenye tarehe zilizogongana, wakasogeza moja.

Uzito wa alama za darasa la ngazi ya juu kwenye wastani wa mwanafunzi hutofautiana shule na shule, kwa hiyo muone mshauri wa masomo kabla hujamhamishia darasa la kawaida.