Mwalimu, Sarufi Naijua, Mbona Mdomo Haufunguki?

Barua za mwezi huu zimetoka Kariakoo, Nungwi, Morogoro, Tanga na Mwanza, na karibu zote zimeandikwa na watu wanaofanya kazi mchana kutwa na kufungua daftari usiku. Nafundisha Kiingereza darasa la jioni la watu wazima hapa Temeke, kwenye madawati ya shule ya msingi ambayo magoti ya mtu mzima hayaingii, kwa hiyo nawajua watu hawa vizuri. Nimejibu kwa urefu pale ambapo swali la mmoja ni la wengi.

Swali: Shikamoo mwalimu. Nauza vitenge Kariakoo, jumla na rejareja. Nilimaliza kidato cha nne, vitabu vya sarufi ninavyo, na mazoezi ya kujaza nafasi napata karibu yote. Lakini akija mteja kutoka Zambia au Malawi, mdomo unakauka. Namwita kijana wa duka la jirani aniongelee, naye anaweka cha juu. Nifanyeje?
*Mama Vitenge, Kariakoo*

Jibu: Marahaba mwanangu. Kujaza nafasi na kuongea ni kazi mbili tofauti. Kwenye karatasi sentensi umeshaandikiwa, linakosekana neno moja tu, na una muda wa kufikiri. Dukani hakuna aliyekuandikia kitu, na mteja keshaanza kuangalia duka la pili. Kitabu kiweke pembeni kwa muda, uanze na maneno ya dukani kwako mwenyewe.

Chukua daftari la mauzo. Kwa siku mbili tatu, kila unachomwambia mteja kwa Kiswahili kiandike ukurasa wa nyuma kama kilivyotoka mdomoni: "Hii haichuji." "Ukichukua jora zima nakupunguzia." "Rangi hiyo imeisha, itaingia Ijumaa." Utakuta sentensi zako ni chache, zinazunguka zilezile. Hizo ndizo za kumpelekea mtu anayejua Kiingereza akusaidie: "The colour doesn't run." "If you take the whole roll, I'll give you a better price." "That colour is finished. We'll get more on Friday." Angalia hiyo ya pili. Ina "if" na "will", sarufi ambayo vitabu vingi huiweka kurasa za mwisho, na wewe unaihitaji leo kabla ya saa sita mchana. Basi ianze hiyo. Iseme kwa sauti, umesimama, kitambaa kipo mkononi, mpaka ulimi uizoee.

Darasani kwangu tunafunika meza kwa vitenge, mama lishe anakuwa muuzaji na dereva wa bajaji anakuwa mnunuzi. Jioni moja mnunuzi aliuliza bei, muuzaji akajibu, "It depends with quantity." Sikuwakatiza. Waliendelea mpaka wakauziana, darasa likapiga makofi, ndipo nikaandika ubaoni "It depends on" na kila mtu akatunga ya kwake: "It depends on the size." "It depends on the traffic." Mmoja akasema, "It depends on my husband," wakacheka sana, na tangu siku hiyo "on" haijawapotea. Hiyo "with" tunaitoa kwenye "inategemea na" yetu, utaisikia hata maofisini.

Jambo la pili ni adabu. Kwa Kiswahili ukimwambia mteja "nipe elfu kumi na mbili" huku unatabasamu, hakuna ubaya. Ukimwambia "Give me twelve thousand", anasikia amri. Sisi tuna "naomba" inayolainisha kila kitu; wao wanailainisha kwa swali: "Could you add a little?" "Can you make it twelve?" Kariri hizo "could" na "can" pamoja na bei zako.

La tatu ni la fedha, lisikilize sana. Kiswahili chetu huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno: ki-TE-nge, du-KA-ni. Tukiingia kwenye Kiingereza tunaingia na mkazo huohuo. Sasa "fifteen" ukiikazia mwanzo, masikioni mwa mgeni inakuwa "fifty", na elfu kumi na tano imeshageuka elfu hamsini. Mteja anaondoka akidhani unamwibia. Ivute silabi ya mwisho, fif-TEEN, na "fifty" ikazie mwanzo halafu uikate fupi. Ni hivyohivyo kwa thirteen na thirty, mpaka nineteen na ninety. Kisha fanya kama wanavyofanya Kariakoo nzima: iandike namba kwenye kalkuleta umwonyeshe. Huko ni kuuza kwa uhakika, usione haya.

Swali: Nipo mapokezi, hoteli moja ya Nungwi. Mgeni aliniuliza boti ya Mnemba inaondoka saa ngapi, nikamjibu "two o'clock", nikimaanisha saa mbili asubuhi. Alikuja mchana, boti imeshakwenda. Tena nachanganya "he" na "she", na wageni wanasema "yes" na "no" zangu hazieleweki.
*Wa Mapokezi, Nungwi*

Jibu: La saa lina dawa nyepesi. Itazame saa ya ukutani yenye mishale. Namba ya Kiswahili chako ikiwa mbili, ya Kiingereza iko upande wa pili kabisa wa uso wa saa: nane. Saa moja inatazamana na saba, saa tatu na tisa, saa nne na kumi. Tundika saa hiyo mbele yako mapokezi na usome namba ya ng'ambo. Kisha mwandikie mgeni kwenye karatasi, 08:00, umkabidhi. Na kwa kuwa uko Unguja, jihadhari na usiku pia. Kwetu pwani siku huanza jua linapotua, na mzee akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia ule unaofuata Alhamisi jioni. Mgeni ukimwambia "Friday night" atakuja siku ya pili yake. Taja tarehe.

"Yes" na "no" ndizo zinazoleta ugomvi mwingi zaidi, na wachache hugundua chanzo. Mtu akikuuliza "Huna chumba?" nawe huna, Kiswahili kinakuruhusu kujibu "Ndiyo", yaani ulivyosema ndivyo, sina. Kiingereza hakijali mwulizaji amesemaje, kinatazama ukweli wenyewe. "Don't you have a room?" Hakuna chumba? Basi jibu ni "No", hata kama swali limekaa kwa kukanusha. Mgeni aliyesikia "Yes" ameshaanza kuburuta begi lake ndani. Dawa yake usijibu kwa neno moja kamwe. Sema "No, we don't. We're full tonight," au "Yes, we do. We have one." Hata ukikosea neno la kwanza, sentensi inayofuata itakuokoa.

Kuhusu "he" na "she", fungua picha za familia kwenye simu, umweleze mwenzako kila aliyemo kwa sentensi tatu tatu: "This is my uncle. He lives in Pemba. He fishes." Kitenzi chetu kinabeba "a" moja kwa mwanamume na mwanamke, kwa hiyo akili haijazoea kuuliza. Picha inailazimisha kuuliza. Fanya kila siku kabla ya zamu.

Swali: Mwalimu mwenzangu, najitolea kufundisha watu wazima jioni kwenye ukumbi wa kanisa. Wengi ni wakulima na wauza mboga. Nimeweka faini ya shilingi mia kwa atakayesema Kiswahili darasani, lakini idadi inapungua. Nyakati nazo haziwaingii, wanasema "I am knowing" na "He has slept" mtu akiwa bado kitandani. Nisahihishe kila kosa?
*Mwalimu Kijana, Morogoro*

Jibu: Mwalimu, faini hiyo iondoe kesho. Mtu aliyelima tangu alfajiri, akaoga, akaja kwa miguu, halafu akalipishwa kwa kuuliza kitu asichoelewa, harudi. Na hasara ni kubwa kuliko hiyo shilingi mia: unawanyima chombo bora walicho nacho. Hawa si watoto. Wana lugha nzima kichwani, yenye nyakati zilizopangwa vizuri, na kazi yako ni kuwaonyesha wapi inakutana na Kiingereza na wapi inaachana nacho. Wengi wao walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na Kiingereza kilikuwa somo moja kati ya mengi. Ukiwafungia Kiswahili nje ya mlango, umewafungia na uwezo wao wa kufikiri.

Tuseme nyakati. Andika ubaoni kitenzi kimoja: nilinunua, ninanunua, nimenunua, nitanunua, hununua. Waulize tofauti, watakueleza wao wenyewe, tena vizuri. "Li" na "ta" zinakwenda bila shida, "I bought" na "I will buy". "Hu" ni mlango wa "I buy": "Mimi hununua mbegu Mikumi" ni "I buy seeds in Mikumi." Tabu iko kwa ndugu wawili waliobaki.

"Na" inabeba mizigo miwili. "Ninapalilia" yaweza kuwa sasa hivi, jembe mkononi, na hiyo ni "I am weeding". Lakini "ninajua", "ninataka", "ninapenda" si kazi ya mikono, ni hali ya ndani, na Kiingereza hakizipi "-ing" kirahisi: "I know", "I want", "I like". Waambie wanafunzi waigize. Kupalilia wataigiza. Kujua hawawezi kuigiza. Kipimo hicho si kamili, lakini kwa mwaka wa kwanza kinatosha na kinakumbukwa.

"Me" ndiyo yenye utajiri. "Amefika", "amenunua", "amemaliza" zinakwenda sawa na "has arrived", "has bought", "has finished". Ila "amelala, amekaa, amesimama, amevaa, amechoka, ameshiba" zinaeleza hali iliyopo mbele ya macho, na Kiingereza kinataka "is": "He is asleep. She is sitting. He is wearing a red shirt. I am tired." Simamisha mtu mmoja mbele ya darasa, waulize amevaa nini. Watasema "He has worn". Waulize: shati liko wapi sasa hivi? Mwilini. Basi "is wearing". Rudia na kofia, na viatu, na kanga ya mama aliyekaa mbele. Nusu saa hiyo inafaa kuliko jedwali la nyakati kumi na mbili ubaoni. Halafu wape onyo moja: ikitajwa "jana", "have" inaondoka. "I bought it yesterday", basi.

Kusahihisha kila kosa, hapana. Mtu akiwa katikati ya kusimulia, mwache afike mwisho. Wewe andika pembeni makosa mawili au matatu, yale yanayoharibu maana kwanza, na wakimaliza uyaweke ubaoni bila kutaja aliyeyasema. "A" na "the" ziache zije taratibu. Hakuna mteja anayekataa kununua nyanya kwa sababu umesahau "the".

Swali: Asalaam alaykum mwalimu. Nina miaka 58. Wajukuu zangu wamezaliwa Texas na hawajui Kiswahili. Tukipigiana simu ya video tunatazamana tu. Nimechelewa kujifunza?
*Bibi, Tanga*

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Hujachelewa. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na watu wa umri wako na zaidi walikaa na mbao za kuandikia wakajifunza herufi za kwanza. Wewe herufi unazijua.

Tena una kitu ambacho wanafunzi wangu wengi wa bara wanakihangaikia. Mtu wa Tanga anasema "thelathini" na "dhahabu" ulimi ukiwa mahali pake. Hizo ndizo sauti mbili ambazo Kiingereza kinaziandika "th". "Think, three, thank you, birthday" zisome kwa ile ya thelathini. "This, that, they, mother, brother" zisome kwa ile ya dhahabu. Wengine wanasema "sank you" miaka na miaka.

Anza na maswali, maana watoto hupenda kuulizwa: "What did you eat today?" "Who is your best friend?" "Show me your room." Hilo la mwisho ni zuri, maana watatembea na simu wakikutajia vitu nawe unajifunza majina yake huku unaviona. Na kila wakikupa neno moja la Kiingereza, wape moja la Kiswahili. Nao wamekukosa.

Swali: Ni fundi umeme, Mwanza. Nimeona tangazo la kozi: kuongea Kiingereza fasaha ndani ya mwezi mmoja. Nilipe?
*Fundi, Mwanza*

Jibu: Usilipe kwa ahadi hiyo. Cambridge, wanaotunga mitihani ya Kiingereza inayotumika duniani, hukadiria saa 180 hadi 200 za kufundishwa kufikia ngazi ya A2, yaani mazungumzo mepesi ya kila siku, na saa 350 hadi 400 kufikia B1, ambapo mtu anajitegemea kazini na safarini. Ukisoma saa nne kwa wiki, 350 ni zaidi ya mwaka mmoja na nusu. Kwa mwezi mmoja unaweza kupata sentensi za kazi yako, na hizo zina faida, lakini hazijafika ufasaha.

Kabla ya kutoa fedha, omba kukaa nyuma ya darasa lao jioni moja. Sikiliza nani anaongea. Ikiwa ni mwalimu peke yake mpaka kengele inalia, tafuta pengine. Ikiwa wanafunzi wamegeuziana viti na kelele imejaa chumbani, uliza ada ni kiasi gani na kama inalipwa kwa awamu.