Hesabu mapigo kabla hujashika kalamu

Katuni yangu ya kwanza, mtoto anaruka kamba, niliichora yote kimya kimya, ndipo nikaanza kuitafutia wimbo. Siku nne nilihangaika. Kamba inagusa chini, ngoma inalia imechelewa. Nikirekebisha hapa, kunaharibika kule. Nikachora upya.

Nyie mnaoanza, tazameni kwanza The Skeleton Dance ya mwaka 1929, ya studio ya Walt Disney. Kisa chenyewe hakina uzito: viunzi vinne vya mifupa vinatoka kaburini usiku, vinacheza, jogoo anawika, vinatimua mbio. (Mimi nawapenda zaidi wale paka wawili wanaogombana juu ya makaburi.) Wazo lilitoka kwa Carl Stalling, mwanamuziki aliyewahi kupiga kinanda kwenye majumba ya sinema ya Kansas City enzi za filamu bubu. Kwenye filamu za Mickey, muziki ulikuwa ukifuata vitendo. Kwenye mfululizo huu mpya, Silly Symphonies, walikubaliana vitendo ndivyo vifuate muziki, na mchoraji Ub Iwerks akachora sehemu kubwa ya filamu kwa mtindo huo.

Hapo ndipo hesabu inapoingia. Filamu ya sauti hupita fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde. Pigo la muziki likiangukia kila fremu ya 12, una mapigo 120 kwa dakika. Kwa hiyo kabla ya mstari wa kwanza unajua kisigino kitatua fremu ya 12, ya 24, ya 36. Chora hizo kwanza. Za katikati ni za kuunganisha tu. Mimi hutuliza kisigino fremu moja au mbili kabla ya pigo lenyewe, naona kinakaa vizuri zaidi.

Sasa rudini pale kiunzi kimoja kinapompiga mwenzake uti wa mgongo kama marimba. Zimeni sauti, gongeni meza kwa kidole kila mfupa unapoguswa. Kidole hakitapotea. Mtagundua pia kwamba michoro ya kucheza inarudiwa, na hamkuchoka kwa sababu muziki ulikuwa unasonga mbele. Msione haya kurudia.

Kazi ya wiki hii: sekunde kumi, mhusika mmoja, anatembea tu. Nileteeni kwanza karatasi ya fremu, ile inayoonyesha kila kitendo kinaangukia fremu ya ngapi. Michoro sitaki kuiona bado.