Maikrofoni ikae wapi unaporekodi gitaa kavu?

Swali: Ninarekodi gitaa kavu la nyuzi za chuma kwa maikrofoni moja ya kondensa (aina inayonasa hata sauti ndogo), ambayo huiweka kama sentimita 10 mbele ya tundu la gitaa. Sauti hutoka nzito na yenye kuvuma, na nikipunguza besi kwenye kompyuta inakuwa nyembamba. Je, maikrofoni yangu ni mbovu? Na nikiongeza ya pili itasaidia?

Jibu: Maikrofoni yako ni nzima, tatizo ni mahali ulipoiweka, nami nakushauri uache kabisa kuielekeza kwenye tundu. Wengi hudhani kwamba sauti yote ya gitaa hutokea tunduni, ilhali sehemu yake kubwa hutoka kwenye ubao wa mbele, unaotikiswa na nyuzi kupitia daraja, yaani kipande kinachozishikilia nyuzi ubaoni. Hewa iliyomo ndani ya gitaa hutenda kama ile ya chupa inayopulizwa mdomoni: huvuma kwa nguvu katika masafa fulani (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi), ambayo kwa magitaa mengi makubwa hukaribia hezi 100, na hapo ndipo zilipo noti za nyuzi nene, kwa kuwa uzi mnene kuliko zote huanzia hezi 82. Isitoshe, maikrofoni inayosikia zaidi upande wa mbele huongeza besi kadiri inavyosogezwa karibu na chombo. Kwa hiyo mvumo wako una vyanzo viwili, na ukiukata kwenye kompyuta unazikata pia noti zenyewe.

Anza kwa kuiweka maikrofoni sentimita 25 hadi 30 mbele ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo ya gitaa), kisha igeuze kidogo ielekee pale shingo inapoungana na kiwiliwili cha gitaa. Hapo utapata mlio wa nyuzi na uzito wa mbao kwa pamoja. Ukiisogeza kuelekea tundu, uzito huongezeka. Ukiielekeza zaidi shingoni, mlio huwa mwembamba na mikwaruzo ya vidole husikika zaidi. Mwombe mwenzako apige wimbo uleule huku wewe umevaa hedifoni, ukiisogeza maikrofoni sentimita 5 kila mara. Ikiwa uko peke yako, rekodi vipande vifupi na utaje kwa sauti mahali ilipo kabla ya kila kipande, kisha uvilinganishe. Hatua hii wengi huiruka, nami huisisitiza kuliko zote, kwa sababu sentimita chache hubadilisha sauti kuliko marekebisho mengi ya baadaye.

Usikae kwenye kona wala kuelekea ukuta mtupu ulio karibu. Chumba kikiwa na mwangwi mbaya, baki kwenye sentimita 20 hivi na utandike zulia. Kikiwa kizuri, unaweza kurudi nyuma hadi sentimita 50.

Kuhusu maikrofoni ya pili, ningesubiri hadi ile ya kwanza peke yake ikuridhishe. Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde, hivyo maikrofoni moja ikiwa mbali na chanzo kwa sentimita 17 zaidi ya nyingine, sauti huifikia ikiwa imechelewa nusu ya milisekunde, na ukizichanganya, mawimbi ya karibu hezi 1,000 hukinzana na kufifishana. Njia salama ni kuvikutanisha vichwa vya maikrofoni mbili zinazofanana, kimoja juu ya kingine bila kugusana, zikiwa zimeelekezwa pande mbili kwa pembe ya digrii 90, ili sauti izifikie karibu kwa wakati mmoja. Ukipenda kuzitenganisha, moja shingoni na nyingine upande wa daraja, sikiliza mchanganyiko wake katika mono, yaani sauti zote mbili zikiunganishwa kuwa njia moja, kabla ya kurekodi wimbo mzima; besi ikipotea au sauti ikiwa na uwazi usio wa kawaida, sogeza moja kidogo kidogo hadi uzito urudi.