Baba Anameza Warfarini na Dawa za Kichina kwa Pamoja

SWALI: Baba yangu ana umri wa miaka 64. Mwaka jana damu iliganda kwenye mshipa wa mguu wake, na tangu wakati huo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni na kupimwa damu kliniki. Mwezi uliopita jirani alimpeleka kwenye duka la dawa za Kichina kwa ajili ya maumivu ya magoti, akapewa vifuko vya mizizi na magome ya kuchemsha, pamoja na vidonge vyeusi vya duara vilivyofungwa kwa karatasi iliyoandikwa Kichina kitupu. Magoti yalipoa ndani ya siku tatu, lakini sasa fizi zinatoka damu kila anapopiga mswaki. Yeye anasema mitishamba haina kemikali, tena amenikataza nisimwambie daktari. Nifanye nini?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke mzee hospitali leo hii akapimwe INR, kipimo kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda, na mbebe vifuko, vidonge na hata ile karatasi. Asimeze dozi nyingine ya dawa hizo, na kuhusu warfarini ya jioni daktari ndiye atakayeamua baada ya kuona majibu. Mkiona choo cheusi kama lami, mkojo mwekundu au akilalamika kichwa kinamuuma vikali, hiyo ni dharura.

Miongoni mwa mimea ambayo matabibu wa Kichina huitumia sana kwa kile wanachokiita kuichangamsha damu kuna danshen na danggui, na yote miwili inajulikana kuizidishia warfarini nguvu hadi damu ikachelewa mno kuganda. Jinseng nayo inaweza kuvuta upande wa pili, ikaipunguza nguvu warfarini na kumrudisha mgonjwa kwenye hatari ile ile aliyotoka.

Kinachonitia shaka zaidi ni magoti kupoa ndani ya siku tatu tu. Katika nchi kadhaa, vidonge vya maumivu vilivyouzwa kama mitishamba mitupu vimekutwa na dawa za hospitali zilizofichwa ndani, kama diklofenaki ya kutuliza maumivu, au steroidi za kupunguza uvimbe kama deksamethasoni, na diklofenaki ikikutana na warfarini inaweza kumtoa mtu damu tumboni. Ndiyo maana daktari lazima aambiwe mzee ametumia vidonge hivyo kwa muda gani, kwa kuwa aliyezoea steroidi huweza kudhurika akiziacha ghafla bila uangalizi.

Kuhusu mitishamba kukosa kemikali, mweleze baba kwamba artemisinini, iliyo msingi wa dawa mseto ya malaria, ilitolewa kwenye mmea wa Kichina uitwao qinghao, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2015. Mmea wenye nguvu ya kumwua mdudu wa malaria una kemikali, na kemikali ina dozi yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mjini Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wakipunguza uzito kliniki walipewa guangfangji badala ya hanfangji, mimea miwili yenye majina yanayokaribiana. Asidi ya aristoloki iliyomo katika huo wa kwanza iliwaharibu figo, na wengine wakaishia kwenye kusafishwa damu au kupandikizwa figo.

Nakiri kwamba wapo wenzetu katika huduma za afya wanaomkaripia mgonjwa pindi anapotaja mitishamba, na kwa hiyo wagonjwa wanaficha. Kosa hilo ni letu, lakini damu ni ya mzee. Baadaye, akitaka kurudi kwa tabibu huyo, aulize kama amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, na aombe jina la kila mmea liandikwe kwa herufi anazoweza kuzisoma mfamasia.

SWALI: Nina presha na nimepewa chai ya Kichina ya kukata mafuta. Je, ninywe?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiinywe kabla hujajua kilichomo. Ulizia mahususi mahuang, ambayo hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Marekani ilipiga marufuku virutubisho vyenye mmea huo mwaka 2004. Ulizia pia gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi, ambao ukitumiwa kwa wingi hupandisha presha na kushusha potasiamu, hasa kwa anayemeza dawa za kukojosha. Muuzaji asipoweza kukujibu, mrudishie chai yake.