"Amri haikupatikana" au "haijapatikana"?

Swali: Ninajenga mfumo endeshi wa Linux kutoka msimbo chanzo, na hapo hapo nawatafsiria wenzangu mwongozo wake. Katikati ya kazi kompyuta imegoma, inasema haikuiona amri ya makeinfo. Ujumbe huo, ambao kwa Kiingereza ni "command not found", nimeuandika "amri haijapatikana". Mwenzangu mmoja anataka "amri haipo", mwingine "amri imepotea". Tushike lipi?

Jibu: Shikeni "amri haikupatikana".

Kiambishi -ja- huacha jambo wazi. Ukiambiwa "mgeni hajafika", mlango hufungi, bado unamtazamia. Ukiambiwa "mgeni hakufika", unafunga ukalale. Sasa iangalie sheli ya bash, yaani programu inayopokea amri unazochapa, inavyotafuta: inapita folda zilizotajwa kwenye PATH (orodha ya mahali pa kutafutia amri), moja baada ya nyingine, na ikimaliza zote bila kukuta jina hilo, inatoa ujumbe na kurudisha namba 127, ambayo ni alama ya kosa hilo. Imeshafunga mlango. Ukiandika "haijapatikana", msomaji mgeni anaweza kukaa akiikodolea macho skrini, akidhani kompyuta ingali inatafuta.

"Imepotea" liacheni. Kinachopotea ni kilichokuwapo, na katika mfumo unaojengwa tangu mwanzo, pengine amri hiyo haijawahi kusakinishwa hata siku moja. (Hapo -ja- imekaa mahali pake.)

Linalonisumbua zaidi ni "haipo", kwa sababu ni Kiswahili kizuri kabisa na bado linapotosha. Kitu kinaweza kuwapo na kisipatikane. Amri huenda imetulia kwenye diski, ndani ya folda ambayo PATH haiitaji. Msomaji akiambiwa "haipo" atakimbilia kusakinisha upya, kumbe alitakiwa kuongeza folda moja tu kwenye orodha. Sheli yenyewe inajua kupambanua: ina namba nyingine, 126, kwa amri iliyopatikana lakini ikashindikana kuendeshwa, mara nyingi kwa kukosa ruhusa.

Kuhusu makeinfo yako, ukitafuta kifurushi (fungu la programu linalosakinishwa kwa pamoja) kwa jina hilo utahangaika bure, maana amri hiyo huja ndani ya kifurushi cha Texinfo. Ndiyo maana kwenye mwongozo ningeandika "sakinisha kifurushi chenye amri hii", wala si "sakinisha amri hii". Amri na kifurushi chake si lazima viitwe jina moja, na hapo ndipo wengi hukwama.

Upatanisho wa ngeli nao usiwaponyoke. Amri iko I-ZI: moja haikupatikana, mbili hazikupatikana. "Amri hakupatikana" nimekutana nayo zaidi ya mara moja, kana kwamba Amri ni jina la mtu aliyetoroka.

Jina la amri lenyewe msilitafsiri. Makeinfo ibaki makeinfo, tena kwa herufi ndogo, kwa kuwa msomaji ataichapa kwenye kibodi vilevile alivyoiona.