Jibu: Kwa nini aliyeongoza raundi ya kwanza ya slalomu kubwa aliambulia sifuri?

Ndugu, uliuliza imekuwaje aliyeongoza raundi ya kwanza akakosa pointi kabisa. Slalomu kubwa ni mbio za kuteremka mlima wa theluji kwa skii (mbao ndefu nyembamba za miguuni), ukipinda kupitia malango ya vijiti. Katika Kombe la Dunia la mchezo huo ina raundi mbili, na muda wa zote hujumlishwa. Ukianguka ukashindwa kumaliza, au ukikosa kupita lango moja tu, hata katika raundi ya pili, huna matokeo.

Tena kiongozi ndiye mwenye njia mbaya zaidi. Wanaoingia raundi ya pili ni 30 bora, na huteremka kwa mpangilio wa kinyume: wa 30 huanza, wa kwanza hufunga. Kufikia zamu yake, skii za wenzake zimeshachimba mifereji kwenye kila kona. Akichelewa kuanza kona, anajikuta ameteremka chini mno kupita lango, skii ya nje inanasa mferejini au inateleza, basi.

Hasara yake ni kubwa. Mshindi hupata pointi 100, wa pili 80, wa tatu 60, wa nne 50, wa 30 pointi 1. Katika fainali za msimu ni 15 bora pekee wanaopata pointi, kwa hiyo nafasi ya 16 pale ni sifuri vilevile.